Kuhesabu Kinyumenyume Kule Oldonyo Sambu

Mimi si mtu wa safari. Nikitoka Sekei nikafika soko la Kilombero, nikirudi nataka nipewe pole. Kwa hiyo mjue kupanda upande wa magharibi wa Mlima Meru hakukuwa kwa hiari yangu. Dada yangu Naomi ndiye aliyenituma: "Jumapili mtoto anabatizwa. Kaniletee baba yake, tena akiwa na mikono yote miwili."

Baba yake ni shemeji Elia, fundi mitambo aliyepunguzwa kazini kiwanda chao kilipobinafsishwa. Tangu hapo alijichimbia Oldonyo Sambu kuunda injini ya roketi. Ndiyo, roketi. Eti hata anga nayo imebinafsishwa, kampuni za ng'ambo zinapeleka mizigo huko juu kwa biashara, na zinataka injini ya methani kwa sababu haiachi masizi. Mimi methani naijua kama gesi ya mavi ya ng'ombe.

Ijumaa asubuhi nilidandia pikapu ya maziwa iliyokuwa inarudi na madebe matupu. Kupita Ngaramtoni, baridi ikaanza kunitafuna. Madebe yaligongana njia nzima, na kila kishindo nilidhani ni shemeji amelipuka.

Oldonyo Sambu nilimkuta kwa jirani yake Lomayani, mfugaji wa Kiarusha, mwenye ng'ombe wa hiyo gesi. Injini ilikuwa na ukubwa wa sufuria ya pilau, imefungwa kwa bolti kwenye zege, mdomo ukitazama korongo. Pembeni ulisimama mtungi wa oksijeni ya wachomeleaji, na wa methani.

"Mbona hainuki?" niliuliza.

"Nimeichuja, shemeji. Ile harufu ya yai bovu imekwisha."

"Sasa ikivuja tutajuaje?"

"Hatutajua."

Nikamwambia twende nyumbani sasa hivi. Akasema aiwashe mara moja tu, halafu tunaondoka wote.

"Huyu wa Sekei ameshatoka jasho," Lomayani akacheka, "na baridi yote hii!"

Mchana tulijificha nyuma ya viroba vya udongo. Elia alishika waya wa betri. Lomayani, hatua chache kutoka kwetu, alishika mkono wa koki iliyofungulia mitungi yote miwili. Maelekezo yalikuwa mepesi: cheche kwanza, gesi baadaye, maana gesi ikitangulia inajikusanya, na cheche inailipua yote kwa mpigo. "Nahesabu tatu, mbili, moja. Kwenye moja natoa cheche. Nikisema 'sasa', unafungua." Lomayani akaitikia. Mimi nililala kifudifudi, shavu juu ya mpira uliopeleka gesi kwenye injini, maana sikuona pengine pa chini zaidi.

"Tatu!"

Mpira ukakakamaa chini ya shavu langu. Ukapiga mluzi mwembamba.

"Mbili!"

Nikaurukia mkono wa Elia kwa uzito wangu wote. "Gesi! Gesi imefunguka!"

Waya ukaanguka. Lomayani akafunga koki.

"Nani kakwambia ufungue?" Elia alinong'ona.

"Si umesema tatu?"

Tungembishia nini? Maisha yetu yote tukinyanyua gunia, tukisukuma gari lililokwama, tukivuta ndama, nguvu hutoka kwenye tatu. Elia alikaa chini.

"Ningetuua wote," alisema.

Tulingoja upepo uisafishe ile gesi. Mimi nilikuwa tayari kungoja mpaka Pasaka. Kisha Elia akahesabu tena, safari hii kwa kupanda: moja, mbili, cheche, na kwenye "tatu!" Lomayani akafungua. Moto wa bluu ukanguruma korongoni, zege likatetemeka, ng'ombe wakatimua mbio. Koki ilipofungwa, ukazimika vizuri.

"Ng'ombe wangu hao," alisema Lomayani, akiinyooshea injini kidole kwa fahari.

Jumamosi tulirudi Sekei. Nilichojifunza ni hiki: msinicheke tena kwa woga. Mtu jasiri angesimama wima, asiusikie ule mpira.

Naomi alimkagua mumewe vidole vyote, kisha akatuamuru tusogeze sofa kwa ajili ya wageni wa ubatizo. Tukainama huku na huku, mimi nikaanza: "Moja, mbili, tatu!"

Sofa halikunyanyuka. Elia alikuwa amelala chini, mikono kichwani.

Nami nilikuwa kando yake.