Mlezi wa Kibanda cha Miche

Lesikar alikuwa mpasua mbao katika msitu wa Olmotonyi mpaka gogo lilipomvunja mguu, mwaka wa hamsini na mbili. Mguu ulipona umepinda. Akawa mtu wa kukaa nyumbani, akitazama mawingu yakishuka polepole kutoka Mlima Meru, huku mkewe Sinyati akitoka kila asubuhi kwenda kumwagilia miche ya misonobari kwenye bustani ya serikali.

Wanawake wenye watoto wachanga walikwenda nao huko. Waliwalaza pembeni mwa matuta, wakainamia kazi.

Siku moja Lesikar alimpelekea mkewe uji. Ukungu ulikuwa mzito, na sauti za wanawake zilimfikia kama za watu wanaoongea ndotoni. Ndani ya weupe ule akasikia kilio cha kukatikakatika. Mtoto wa jirani yao Naeku, wa miezi mitano, alikuwa amejaa siafu shingoni na masikioni. Lesikar alitupa fimbo, akapiga magoti, akawang'oa mmoja mmoja mpaka Naeku alipofika mbio.

Mtoto alipona. Lakini siku ya tatu Lesikar akamwambia mkewe, "Mama Elinaza, waambie wenzako waniletee mimi hao watoto."

"Wewe? Mwanamume?"

"Mguu ndio ulioharibika. Mikono ninayo."

Alifagia kibanda cha miche kilichoachwa, akamwaga majivu kukizunguka kuzuia siafu, akatandika nyasi kavu na ngozi za mbuzi. Wapasua mbao walipopita walimcheka: "Shikamoo, yaya!" Aliitikia marahaba, akaendelea kufagia.

Naeku alikuwa wa kwanza. Alisimama mlangoni kitambo, mtoto kifuani.

"Baba, akilia sana utaniita?"

"Nitakuita. Hata asipolia nitakuita, uje umnyonyeshe."

Mwezi haukuisha, watoto walikuwa tisa. Kila mmoja alikuwa na kibuyu chake cha maziwa, chenye ushanga wa rangi yake. Maji aliyachemsha. Homa aliitambua kwa kugusisha shavu lake kwenye paji la mtoto. Na aliongea nao, hata wasiojua kusema, akiwasimulia miti mikubwa aliyowahi kuangusha na jinsi mwanga ulivyomwagika pale ilipokuwa imesimama.

"Mambo ya misumeno, kwa watoto wachanga?" Sinyati alimtania.

"Wananisikiliza kuliko wewe."

Mchana ukungu uliingia kibandani bila kubisha. Watoto walilala, pumzi zao zikipanda na kushuka pamoja, naye akasinzia katikati yao, asijue tena kama ni wao wanaopumua au ni msitu.

Mwaka wa tatu msimamizi wa bustani alikitaka kibanda aweke mbegu humo. Kesho yake wanawake walikuja, wakakaa kando ya matuta na watoto mapajani. Hakuna aliyeshika ndoo. Lilikuwa jua la Januari. Kufika adhuhuri miche ilianza kuinama.

"Haya, mwacheni na watoto wake," msimamizi alisema, na mbegu zikapelekwa kwingine.

Karibu na Uhuru, mkunga mmoja, Lydia, alimwomba akawafundishe akina mama wa Kisongo kulea watoto wachanga. Lesikar alipanda lori la mbao. Kule hakukuwa na ukungu, upepo tu na nyasi, na Meru ilionekana mbali, ya buluu, kama imeng'oka ikaelea. Lesikar aliitazama kidogo. Kisha akawageukia wale wanawake, akaomba sufuria na kuni, akaanza na maji ya kuchemsha.