Pepo wa Kioo cha Kuchorea

Kalamu ilikuwa imesimama tuli mkononi mwangu. Mstari ndio uliokuwa unakimbia.

Ulitoka kwenye kola ya Askofu Waithaka pichani, ukapanda shavuni, ukaruka pua, ukamwachia masharubu ya paka. Askofu mwenyewe alikuwa ameketi ubavuni mwangu, anajitazama akiota masharubu.

"Binti," akasema polepole, "hiyo umechora wewe?"

"Hapana, Baba Askofu."

"Basi nani?"

Nikaitazama kalamu. Na kwa mtu wa madhabahu, kimya cha mwenzake ni jibu tosha.

Hii ilikuwa Nakuru, Agosti 2007. Naitwa Nanyama. Nilikuwa na diploma ya usanifu ambayo wino wake haujakauka, mdomo usiojua breki, na kazi ya majaribio kwa Madam Falguni, mwenye duka la kuchapisha kadi za harusi, kalenda na mabango.

Madam alikuwa na kioo kimoja cha ajabu. Kaka yake aliye Leicester alikuwa amebadilisha vifaa vya studio yake, akamtumia hiki kilichozeeka. Ni skrini ya kulazwa mezani, nene kama matofali mawili, na unachora juu ya picha yenyewe kwa kalamu isiyo na wino wala betri.

Kilikuwa na mkia wa nyaya tatu. Waya mmoja ulikuwa wa aina ambayo kompyuta mpya hazina hata tundu lake, kwa hivyo tulikiunga na kompyuta ya rika lake.

Kukiwasha ni kama kumwamsha mama mkwe. Kwanza kioo, usubiri taa igeuke kijani, ndipo uguse kompyuta. Ukipindua utaratibu, kinanuna hadi jioni.

Mafundi wa mji walikuwa wamekigusa wakakikimbia. Mimi nacho tulielewana. Mume wa Madam, Bwana Paresh, alikuwa akisema sisi wawili tulizaliwa nyumba moja.

Mpaka Askofu alipokuja kutengenezewa bango la krusedi.

Alitaka weusi wa chini ya macho uondolewe, na shingo irefushwe kidogo. Alivuta kiti, akaegemeza mkono pembeni mwa kioo aelekeze kwa kidole. "Hapa, binti. Na hapa."

Kila alipoegemea, mshale ulitoroka kalamu. Nikigusa sikio, mstari unatokea kidevuni.

Askofu akasimama, akatoka nje hadi kwenye veranda. "Chora sasa."

Nikachora. Kioo kimetulia kama maji ya mtungi.

Akarudi, akaketi. Kioo kikashikwa kichaa.

Akamgeukia Madam, sauti imeshuka. "Mama, umeona kwa macho yako. Mimi nikiingia, kitu kinashtuka. Nikitoka, kinarudi kwa mwenyewe kinapumzika. Msichana wako ana pepo. Anakaa humo kwa kioo."

Dukani mlikuwa na wateja. Hakuna aliyecheka.

Jioni hiyo mama muuza mboga, ambaye hunipa nyanya moja ya nyongeza kila siku, aliweka sukuma wiki chini nijiokotee. Hakutaka mikono yetu igusane.

Kesho yake Madam akaniita.

"Nanyama, mimi ni Mhindu. Pepo yenu sijui. Lakini wateja wangu wanajua."

"Madam, ni mashine. Imeharibika tu mahali."

"Basi tengeneza. Askofu amesema Jumamosi atakuja kutoa hiyo kitu, na bango zake zote zitakuwa sadaka, halipi kitu. Mimi sipendi hiyo sadaka. Lakini watu wawili wameshachukua kazi ya harusi wakapeleka kwa jirani."

"Na akiitoa, Madam? Si watu watasema kweli nilikuwa nayo?"

Akatazama bangili zake za dhahabu. "Akitoa, wewe utatafuta kazi kwingine. Asipotoa, pia. Pole. Mimi nauza kadi za harusi. Nani atachorewa harusi yake na pepo?"

Mnaona mtego huo? Akishinda, mimi ni mchawi. Akishindwa, mimi ni mchawi sugu.

Nikakunja mikono ya blauzi.

Niliondoa draiva, nikaiweka upya kutoka kwenye sidii ya zamani. Nikafanya ile kazi ya kugonga misalaba minne kwenye pembe, ili kioo kijue kalamu iko wapi. Nikabadilisha ncha ya kalamu. Nikahamisha meza mbali na kabati la chuma, kwa maana vioo hivi vya zamani havipendi chuma kikubwa karibu. Nikafuta vumbi kwenye pini za waya kwa mswaki wangu wa akiba.

Kioo kilikuwa kizima. Hilo ndilo lililonitisha. Ugonjwa usioonekana daktari akiwepo ni mgumu kuuthibitisha.

Ijumaa nikampigia binamu yangu Sue, anayefanya kazi ya maua Naivasha na kukaa Karagita. Nilitaka tu mtu wa kulia naye.

"Askofu yupi?" akauliza. "Waithaka? Yule wa suti ya maziwa? Dada, huyo mtu ni moto. Alitoa pepo kwa TV yangu."

"Kwa kitu gani chako?"

"TV. Alikuja kutuombea kwa ploti tunakopanga. Aliposimama karibu na TV, kioo kikageuka kijani pembeni, halafu zambarau, kama jicho limepigwa ngumi. Akasema tufumbe macho. Akaomba, tukafungua, rangi zimerudi kiasi. Vyumba vitatu, TV tatu, zote na pepo. Si nilimpa kuku."

"Mlifumba macho wote?"

"Sasa wewe huomba ukiwa umefumbua?"

Nikaukumbuka ule mkono aliouegemeza kwenye kioo. Nikauliza, "Anavaaga nini mkononi?"

"Bangili nzito ya presha. Zile za kuvuta damu. Kwani?"

Za kuvuta damu. Nikiwa darasa la sita, kaka yangu alibomoa spika ya redio, akapeleka sumaku yake kwenye TV ya jirani. Ilipata jicho la zambarau. Sisi tulipata fimbo.

Sumaku. Na kalamu yangu haina betri: inazungumza na kioo kwa sumaku. Mtu akiweka sumaku nyingine katikati ya mazungumzo, ni umbea mtupu.

Sasa ningemkimbilia Madam nimweleze? Ningeonekana mshtakiwa anayemsingizia hakimu. Nilitaka aone kwa macho yake, na shida ilikuwa hayo macho. Huyu jamaa alikuwa anafanya kazi yake wakati watu wote wamefumba.

Jumamosi akaja na akina mama wawili wa kuimba sifa, vitambaa vyeupe kichwani. Wateja wakajaa mlangoni, hata wasiokuwa na kazi ya kuchapisha.

"Washa hicho kitu," akaniamuru.

Nikawasha kwa utaratibu. Kioo, taa, kompyuta. Kwenye meza, nyuma ya kioo, nilikuwa nimeacha sinia ndogo ya pini za kubania karatasi. Ofisi gani haina pini?

"Shika kalamu. Usitetemeke. Wote tufumbe macho."

Akaweka mkono wa kushoto pembeni mwa kioo, uso wake akauelekeza kwenye dari, akaanza. Aliomba vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mistari ikaruka kama panzi. Wale mama wakaanza kulia.

Mimi nilikuwa nimefumbua.

Nikainua kichwa kidogo, nikakuta macho mengine mawili yamefumbuka. Ya Madam Falguni. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba sala ni giza.

Tukatazamana.

Taratibu, nikaisukuma ile sinia kwa kiwiko mpaka kando ya bangili ya Askofu. Madam akaona.

Askofu akapaza sauti: "Sasa anatoka, anatoka, msifumbue." Mkono wa kulia ukaanza kwenda kwenye bangili, tayari kuivua itumbukie mfukoni. Nikajua nina pumzi moja tu.

Nikasema kwa sauti ya kwaya: "Amina."

Na mtu wa kanisani akisikia Amina hahoji imetoka kwa nani. Wale mama wakaitikia, "Amina." Mlango mzima ukaitikia, "Amina." Macho yote yakafunguka.

Askofu alikuwa ameinua ule mkono wa kushoto juu. Kifundo chake cha mkono kilikuwa kimeota ndevu. Pini zimening'inia kuizunguka bangili yote, na mbili tatu zinaendelea kujishika.

Pini moja ikadondoka sakafuni.

"Mnaona," akasema, na hapo nikamvulia kofia, "hata vyuma vinamkimbilia mtumishi."

Madam akaja mbele ya meza. "Leta hiyo."

"Mama, hii imebarikiwa, haivaliwi na..."

"Leta."

Akaipokea, akaikung'uta pini, akaisogeza karibu na kioo. Mstari ukaruka. Akaiondoa. Ukatulia. Akaisogeza tena. Akarudia mara nyingi, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa, na kwa mara ya kwanza nikamwona Madam akicheka hadi bega linatikisika.

"Kumbe mimi pia ni Askofu," akasema.

Waithaka alitafuta mlango, akasahau hata mwavuli. Wale mama wakamfuata wakisema kwa sauti, kila mmoja na lake.

Mimi nikasimama hapo nikingoja dunia iniombe msamaha.

Sasa sikilizeni.

Jumatatu nilikuta foleni nje ya duka. Wale mama wawili walikuwa wamesambaza habari mji mzima, na habari ilikuwa hivi: Askofu alimtoa pepo kwa msichana, akamfunga ndani ya bangili, na Madam Falguni, mwanamke asiyeogopa kitu, akamnyang'anya. Pepo sasa yuko dukani, amefungwa, na msichana anamtawala.

Mtu alitoka Mau Narok na gunia la viazi, anataka kadi ya harusi ya bintiye ichorwe kwenye kioo hicho hicho. "Ndoa iliyochorwa mbele ya pepo aliyefungwa," akaniambia, "itaguswa na nani?"

Nikageuka kumweleza. "Mzee, hiyo ni sumaku tu. Ngoja nikuonyeshe..."

Nikahisi kisigino kimetua juu ya kidole changu cha mguu.

"Nanyama amechoka, mzee," Madam akasema kwa upole. "Kazi yake si ndogo. Karibu, kaa." Kisha, bila kunitazama, akateremsha barua yangu ya ajira ya kudumu juu ya kioo, imetiwa sahihi.

Niliisoma mara mbili. Nikamtazama mzee wa viazi. Nikamtazama Madam.

Nikachukua kalamu. "Mzee, bwana harusi anaitwa nani?"

Mama muuza mboga hunipa nyanya tatu za nyongeza siku hizi, na huniomba nimsalimie pepo.

Ndugu zangu, ukweli ni mzuri, uutafute, uushike, uulalie kama mto. Lakini ukishaushinda uongo, angalia nyuma yako kabla hujashangilia. Huenda mwajiri wako ameshaupokea uongo mlangoni na kuupa kiti.