Kiitikio cha Kisoda

Mhariri wa video alikuwa na kompyuta moja, kiti kimoja kilichochoka mgongo, na mdogo wake mmoja tu, kitindamimba wa mama yao. Kijana huyo walimwita Kisoda kwa ufupi wake, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na baba. Alikuwa mmoja wa vijana wanne wa kundi lililotoa wimbo wao wa kwanza, "Usifunge Dirisha", na dada yake ndiye aliyepewa kazi ya kuunganisha video. Mtaani watu walisema nyumba ile imefunguliwa mlango wa heri. Watu husema mengi.

Kazi ilikuwa imefika ukingoni meneja wa kundi alipoingia, akasimama nyuma ya kiti, akawatazama vijana wakicheza juu ya paa la ghala. Akaguna. Watatu wamelingana vizuri, alisema, ila yule mfupi anavunja mstari. Aondolewe. Sauti yake ibaki, maana hakuna mwingine anayekiweza kile kiitikio. Mwenzake atafungua mdomo tu. Kijana ataambiwa baadaye. Alisema hayo huku akimenya chungwa, kama mtu anayeagiza chumvi ipunguzwe.

"Ni mdogo wangu," dada alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ukishindwa, wapo wengine."

Hapo ndipo dada alipokosea, na hakukosea kwa ubaya. Alijiambia kwamba mgeni angemkata ovyo, amwachie kisogo hapa na sikio pale, watu wapate cha kucheka. Afadhali yeye. Lakini pia ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu aachane na video za harusi, na aliogopa kuipoteza. Akaanza. Kila alipomkuta, aliisogeza picha kulia, au akaibana, au akaweka anga badala yake. Alijua mdogo wake anavyocheza, kwa hiyo alikata kabla hajaruka. Alipomaliza alilia, akanawa uso, akaituma. Kumwambia akasema kesho, na kesho unaijua ilivyo. Meneja naye, kama walivyo mameneja, hakumwambia kijana.

Siku video ilipotoka, mama alikuwa amealika majirani mpaka viti vikaazimwa. Kisoda alikaa sakafuni, mbele kabisa, na shati jipya. Dada alimwita jikoni amwambie. Alikuja akicheka, akamuuliza mbona ana sura ya mtu aliyefiwa leo, siku ya furaha. Dada alimpa sinia la vikombe apeleke.

Video ikaanza. Paa, anga, vijana watatu. Shangazi aliuliza wetu yuko wapi, mama akamwambia atulie, wazuri huja mwisho. Kiitikio kikapanda, ile sauti waliyozoea kuisikia kila asubuhi bafuni, ikatoka kinywani mwa mtoto wa watu. Jirani mmoja alikohoa. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akimtafuta mwanawe kama mtu aliyedondosha sindano. Wimbo ulipoisha aliwaeleza wageni kwamba labda hii ni nusu tu, nusu nyingine inakuja. Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo lililomuumiza dada kuliko yote.

Kisoda alikuwa bado anaitazama televisheni.

"Nani amekata?" aliuliza.

Angeweza kusema ni watu wa meneja. Nani angejua? Wote wangemlaani meneja, na laana ingekuwa imempata anayeistahili. Lakini mama alikuwa amegeuka na kumtazama, akingoja amwambie nusu ya pili inatoka lini.

"Mimi," dada alisema.

Kisoda aliinuka, akajikung'uta suruali, akaja mpaka mbele yake. Hakuwa na hasira usoni. Angekuwa nayo, dada angepumua.

"Umekata vizuri, dada," alisema. "Hata mimi sijajiona."