Damu Iliyopingana na Picha

Glenys Hurrell alitunza uwanja wa klabu yetu hapa mjini Bundaberg kwa miaka ishirini na sita, ule wa nyasi fupi kama zulia ambako wazee huviringisha mipira Jumamosi. Alikuwa mfupi na mkali wa maneno. Ukikanyaga nyasi zake na viatu vya visigino, alikufukuza hata kama wewe ni mke wa mwenyekiti. Kofia alivaa pale alipokumbuka, na hakukumbuka mara nyingi.

Mwanzo madaktari walimkata baka jeusi la saratani kwenye shavu la mguu. Miaka minne baadaye saratani ile ile ya ngozi ikaonekana kwenye ini.

Daktari Weerakoon akamwanzishia dripu ya kuamsha kinga ya mwili, mara moja kila wiki tatu. Kabla ya kila dripu nesi alimtoa damu, chupa mbili zaidi ya za kawaida.

"Damu yote hii mnapikia soseji?" Glenys aliuliza.

Daktari akacheka. "Uvimbe hudondosha vipande vya vinasaba vyake kwenye damu. Vina alama yake, kwa hiyo tunaweza kuvihesabu. Dawa ikifanya kazi, vinapungua."

Siku ya kwanza walihesabu mia tatu na arobaini katika kila mililita. Wiki ya sita, thelathini na moja. Wiki ya tisa hawakuona hata kimoja. Siku hiyo Glenys alininunulia bia, mimi ninayeuza bia pale klabuni.

Kisha ikaja picha ya ini ya wiki ya kumi na mbili. Daktari aliwageuzia skrini waone wenyewe. Uvimbe uliokuwa kama punje ya zabibu sasa ulikuwa kama yai.

Mumewe Col, fundi mstaafu wa kiwanda cha sukari, alisimama. "Umekua! Mbadilishie dawa leo leo!"

"Col, kaa chini," daktari alisema taratibu. "Inawezekana umekua kweli. Inawezekana pia askari wa mwili wameujaa ndani, wanapigana, ndiyo maana umevimba. Kwenye picha mambo hayo mawili yanafanana. Damu inaniambia ni hilo la pili."

"Una uhakika?" Glenys aliuliza.

"Sina. Ningeendelea na dripu mbili zaidi, tupime damu kila mara, tupige picha tena baada ya wiki sita. Uamuzi ni wako."

Walifika kwenye gari kabla Col hajalipuka. "Yai nimeliona kwa macho yangu, Glen! Hivyo vipande nani kaviona?"

"Walioviona ni wale wale walioviona vikiwa mia tatu na arobaini, na siku hizo uliwaamini."

"Siku hizo sikuwa naogopa hivi."

Hapo akaanza kulia, mtu ambaye hakulia hata alipomzika baba yake. Glenys aliniambia kilio kile kilimtisha kuliko picha. Hata hivyo alirudi ndani na kumwambia daktari, "Tuendelee."

Wiki sita hizo alikonda kwa hofu, si kwa ugonjwa. Alikuwa akisimamisha mashine ya kukata nyasi katikati ya uwanja na kujibonyeza chini ya mbavu, akitafuta lile yai. Akihisi kitu, alijua anakufa. Asipohisi kitu, alijua limejificha. Mistari yake ya nyasi, iliyonyooka miaka yote, ikaanza kupinda, na hakuna aliyethubutu kumtania. Siku ya kutoa damu mikono ilikuwa ya baridi, mishipa ikajificha, nesi akamchoma mara nne.

Simu ya majibu alimpa Col aipokee, yeye akajifungia bafuni na kufungua maji ili asisikie.

"Hakuna kipande!" Col alipiga kelele mlangoni. "Glen, hakuna hata kimoja!"

"Na picha je?" aliuliza kutoka ndani.

"Picha bado."

Basi hakutoka hadi chai ya Col ikapoa.

Siku ya picha ya marudio daktari hakukawia kusema. Uvimbe ulikuwa umesinyaa, mdogo kuliko ulivyokuwa mwanzo kabisa. Glenys aliitazama skrini, akauliza kama kweli ni ini lake, akaonyeshwa jina. Aliomba ndoo, akatapika. Col alimshika nywele huku akimwomba radhi nesi.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Dripu zimekwisha, damu hupimwa kila miezi mitatu, na mpaka leo haijaonyesha kitu. Wiki ya kusubiri majibu bado hali chakula, na hajifanyi shujaa. Jumatatu iliyopita alikuja kaunta akiwa mweupe kama karatasi, akaketi.

"Wametoa damu asubuhi," alisema. "Usiniulize kitu. Niongeleshe habari yoyote ile."

Nikamwongelesha habari za mvua.