Ampli ya Lampe

Sikulia kwenye matanga ya tonton, baba yangu mdogo. Nilisafiri siku mbili kufika Kisangani, nikaketi mkekani na wanawake wengine wa mtaa wa Kabondo, nikala wali na pondu, majani ya muhogo, kama kila mtu, na macho yangu yakabaki makavu. Binamu zangu walidhani ni uchovu. Wewe unayenifahamu tangu zamani hungedanganyika. Sebuleni, karibu na jeneza, niliona sanduku jeusi lenye taa tatu ndogo usoni, nyekundu, ya kijani na ya manjano, likitoa nyimbo za kanisa kwa sauti ya kukwaruza. Miaka yote hiyo na taa bado zinawaka! Nililichukia sanduku lile siku ya kwanza nilipoliona, nikalichukia tena palepale.

Acha nikueleze kwa mpangilio.

Utotoni mwangu tulikaa sote katika kiwanja hichohicho. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tonton, mdogo wake, aliimba katika kikundi cha mtaa na, jambo lililokuwa na uzito zaidi enzi za Zaire, alikuwa rafiki wa ofisi ya chama. Koko, mama yao, alishinda uani akitwanga makemba, zile ndizi za kupika, kwa ajili ya ugali wa lituma. Hadi leo nikisikia mchi ukigonga kinu, pua yangu hupata harufu ya mawese yakichemka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kumenya makemba. Utomvu wake hauoshwi na sabuni. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi mwaka mzima.

Papa alikuwa na gitaa la umeme, jekundu, lakini hakuwa na ampli, chombo cha kuikuza sauti yake. Kila jioni alichomeka waya wa gitaa kwenye poste ya koko, redio kubwa ya mbao ambayo koko aliitumia kusikiliza matangazo ya vifo.

"Toa kitu yako mu poste yangu!" koko alifoka. "Batu banakufa na mimi sijue!"

"Mama, walikwisha kufa. Watangoja wimbo mmoja."

Redio ile ilikuwa ya lampe. Ukichungulia kwa nyuma, kupitia matundu ya kadibodi, uliona vichupa vya kioo vikigeuka vyekundu polepole, kama makaa yanayopulizwa. Mafundi wote wa mji waliviita vichupa hivyo lampe, neno lilelile tunalotumia kwa taa ya mezani na kwa tochi. Lishike neno hilo, maana ndilo lililotuumiza.

Mwaka ule ofisi ya chama iliamua kukinunulia kikundi chetu ampli. Kila mtaa ulitakiwa kuimba na kucheza sifa za Kiongozi, na sisi tulikuwa tunasikika hadi mstari wa pili tu. Dukani kwa mfanyabiashara mmoja kulikuwa na ampli mbili. Kwa kuwa gitaa lilikuwa la papa, aliambiwa aende kuzijaribu. Alinichukua mimi. Nikiwa uani na kisu mkononi niliweza kumwambia ni uzi gani umelegea, kwa hiyo alizoea kuniita "masikio yangu".

Alasiri ile nimeitunza kuliko zote. Tulikaa kwenye baraza la duka. Ile nyeusi, kubwa, iliwaka papo hapo, taa zake tatu zikang'aa, na ikapiga kelele hadi mbuzi wa jirani wakakimbia. Ilitengenezwa kwa ajili ya hotuba. Ile nyingine ilikuwa ndogo, ya kahawia, na usoni haikuwa na taa hata moja. Nilidhani imekufa.

"Weka mkono juu," papa aliniambia. "Ikipata joto, ndipo tutaongea nayo."

Joto lilikuja. Papa alianza na sauti ya chini kabisa, akapiga uzi mmoja, akauacha. Alinifundisha kusikiliza si namna sauti inavyoanza, bali namna inavyoisha. Kwenye ile nyeusi iliisha ghafla, kama imekatwa kwa panga. Gitaa lake lilikuwa na sauti kali tangu mwanzo. "Hili ni sindano," alisema. "Ukilipatia ampli ya sindano, unapata misumari." Kwenye ile ya kahawia uzi uleule ulijaa, ukawa mviringo, ukaondoka taratibu kama mtu anayeaga vizuri. Haikuwa na nguvu nyingi. Lakini kina mama waliouza kwanga za muhogo ng'ambo ya barabara waliacha kubishana wakageuka.

"Umesikia?" papa aliuliza.

Nilikuwa nimesikia.

Siku ya kununua, mkaguzi wa shule alikuja na papa hakuweza kutoka darasani. Asubuhi alimwagiza tonton mbele ya koko na mbele yangu. "Chukua ile ya lampe. Ya lampe, umenielewa?"

"Nimeelewa, yaya," alijibu, maana ndivyo tunavyomwita kaka au dada mkubwa.

Mimi nikatumwa naye ili kusiwe na kosa.

Dukani tonton hakuitazama hata kidogo ile ya kahawia. Alimwambia mfanyabiashara awashe ile kubwa, akazielekezea kidole zile taa tatu.

"Bon. Yaya anataka ampli ya lampe. Hii iko na tatu. Funga hii, citoyen."

"Tonton, siyo hiyo," nilisema. "Lampe iko ndani. Papa anataka ile ndogo."

Wanaume waliokuwa dukani walicheka. Mmoja alisema, "Mutoto mwanamuke sasa ni fundi? Kesho ataendesha bato ku mto mupaka Kinshasa!" Mfanyabiashara alisita, kamba mkononi. "Donc, citoyen, nafunga gani?"

Tonton aliniinamia akitabasamu, kama mtu anayetaka kumfuta mtoto jasho. Ninahitaji kukukumbusha kwamba miaka ile, kama tulivyolazimika kuitana citoyen, raia, badala ya bwana, majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Kila mtu alipewa jina la mababu, na aliyeng'ang'ania lile la kanisa alijitafutia balaa. Papa aliendelea kuniita kwa jina la ubatizo, kwa sauti ya chini, ndani ya uzio wetu.

"Ile jina papa yako anakuitaka ku nyumba," tonton alininong'oneza, "nipite ofisini niwaambie?"

Nilirudi nyuma hadi mlangoni. Ile nyeusi ikafungwa kamba.

Papa aliporudi jioni aliikuta katikati ya ua. "Nilisema ya lampe."

"Na hizi ni nini, yaya? Iko tatu! Ile ingine haikuwa na hata moja!"

Koko alicheka hadi akaangusha mchi. Majirani walicheka, na kwa wiki kadhaa kila aliyewasha tochi mtaani aliulizwa kama anataka kupigia gitaa. Papa pekee hakucheka. Alinigeukia.

"Na wewe, masikio yangu, ulikuwa wapi?"

Nilitazama vidole vyangu vyeusi. Hakuniita hivyo tena.

Kesho yake papa alirudi dukani kuomba kubadilisha. Mfanyabiashara alimwambia kwamba ile ndogo imekwisha kununuliwa, na hakusema na nani.

Siku ya gwaride tulijipanga juani tangu asubuhi, kina mama wamevaa vitenge vyenye uso wa Kiongozi. Papa aligusa uzi wa kwanza na sanduku likapiga yowe. Alipunguza sauti. Likapiga yowe tena, wageni wa heshima wakaziba masikio. Alipunguza zaidi, hadi gitaa likawa halisikiki kabisa, na mkuu wa ofisi akaja nyuma ya jukwaa akitokwa na jasho.

"Citoyen mwalimu, unachezea chama?"

"Ampli hii haikubaliani na gitaa langu," papa alijibu.

"Ni wewe usiyekubaliana na chama."

Tonton alikuwa hatua mbili kutoka pale, kipaza sauti mkononi. Angeweza kusema neno moja. Alianza kuimba.

Kabla ya muhula kwisha, papa alihamishiwa shule moja ndani kabisa ya misitu ya Yahuma, ambako hakukuwa na waya wa umeme hata mmoja. Tulimfuata. Alitundika gitaa ukutani. Mara chache alilishusha, akapiga likiwa kavu, akiegemeza shavu kwenye mbao ili asikie kitu. Unyevu ulikula nyuzi, halafu mchwa wakala shingo. Tonton alibaki Kabondo na ampli, na kikundi, na kile kiwanja.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kifuani pale mkekani. Kwa miaka mingi nilijaribu kumpa tonton nafasi moja. Labda kweli hakujua. Labda kwake lampe ilikuwa taa tu, na vitisho vyake vilikuwa hasira ya mtu mzima aliyesahihishwa na mtoto mbele ya watu.

Binamu yangu wa kike alinituma chumbani kwa tonton nikachukue shuka. Chini ya kitanda niliona kitu kimefunikwa kwa gunia, nikakifunua. Sanduku dogo, la kahawia.

"Ah, hiyo?" binamu alisema kutoka mlangoni. "Papa yangu alinunuaka zamani, siku ileile na ile kubwa, kisha hakutaka mutu aiguse. Ilikufaka, yaya. Unaiwasha, hakuna lampe hata moja."

Nililichomeka ukutani. Binamu alisema kweli, usoni hapakuwaka kitu. Niliweka mkono juu nikangoja, muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia, akaondoka. Halafu joto likaja kwenye kiganja changu, na ndani ya kitambaa cha spika mvumo mdogo, laini. Lilikuwa zima. Miaka yote hiyo lilikuwa zima, chini ya kitanda cha mtu asiyepiga gitaa.

Waliniita nikamuage tonton kabla ya kufunga jeneza. Nilizima umeme, nikasubiri vichupa vipoe, nikaving'oa kimoja kimoja, nikavifunga ndani ya kitambaa changu cha kichwa. Nikatokea mlango wa jikoni.

Gitaa halipo, papa hayupo, mchi wa koko sijui umekwenda kwa nani, na pale palipokuwa na duka sasa wanaziba matairi ya pikipiki. Lampe nne ziko mezani kwangu ninapokuandikia. Vidole vyangu ni safi siku hizi. Lampe zile haziwashi kitu.