Mfupa Usio na Kazi

Mimi nilichongwa meno nikiwa msichana, huku kwetu Butiama. Mama mmoja mzee alinibana kichwa katikati ya magoti yake, akayagonga meno ya juu ya mbele kwa patasi ndogo mpaka yakachongoka. Sikulia. Aliyelia alichekwa mpaka anazeeka. Nilipoolewa Bunda, kwa wakulima wa pamba, mama mkwe alinitazama mdomoni kabla hajanitazama mikono. Akasema, "Huyu ametoka kwa watu." Basi nikatembea nimeinua kichwa.

Hayakudumu. Yalioza, yakang'oka moja moja, na nikiwa bado na nguvu za kulima mbele hapakuwa na kitu. Wakanitengenezea meno ya kuvaa, yale ya plastiki. Nilikuwaga nayavaa Jumapili na kwenye misiba. Nikirudi nyumbani nayatumbukiza kwenye kikombe, natafuna ugali kwa fizi. Miaka ikaenda. Yakalegea. Mdomo ukaingia ndani, kidevu kikapanda kutafuta pua. Nikasema ni uzee.

Mjukuu wangu nilimlea mwenyewe, mama yake alipofariki. Ni wa kwanza katika ukoo wetu kuwa mwalimu, na hilo nalisema hata kwa asiyeuliza. Anafundisha Musoma, amepanga chumba Mwisenge. Siku moja bodaboda ikamwangusha Kamunyonge, meno yake mawili ya juu ya mbele yakabaki barabarani. Daktari wa meno akamwambia kidonda kikipona asikae sana, arudi apandikizwe: kichuma chembamba kinaingizwa kwenye taya, mfupa unakishika kama ulivyokuwa umeshika mzizi, halafu juu yake wanaweka jino.

Akaja Bunda kuniuliza. Ndivyo nilivyomlea, haamui kitu bila mimi.

"Bibi, amesema nikichelewa mfupa utaisha."

"Uishe uende wapi? Ni sukari?"

"Ndivyo alivyosema, Bibi."

"Mfupa wa ukoo wetu haupigiwi misumari kama mlango. Mimi nina pengo kubwa kuliko lako, na nimelima nalo, nimezika mume nalo. Pengo haliui mtu."

Alicheka, mkono uko mdomoni. Akatii. Akavaa ya plastiki kama mimi.

Mwaka wa tatu yakaanza kucheza mdomoni. Siku moja anasomesha hesabu kwa sauti, yakaruka, yakatua kwenye dawati la mbele. Watoto walicheka mpaka mapumziko. Tangu siku hiyo anaitwa Mwalimu Kibogoyo, na kwaya ya kanisani akaacha. Alipokuja Krismasi nilimtazama akinywa chai. Chini ya pua pameanza kubonyea. Hajafika hata miaka thelathini na mitano, na tayari anaota mdomo kama wangu.

Nikamwambia twende kwa huyo daktari wako, nimsikie mwenyewe.

Daktari mwenyewe kijana mdogo, mwenye heshima, "Shikamoo bibi" nyingi. Akaingiza kidole mdomoni mwangu kwanza, akapapasa. "Hapa pamebaki kama makali ya kisu, Bibi."

"Sema Kiswahili cha watu wa shamba," nikamwambia. "Huo mfupa umeenda wapi?"

"Bibi unafuga?"

"Ng'ombe ninao."

"Ng'ombe wa jembe asipofungwa nira misimu mitatu, shingo inakuwaje?"

"Inanywea."

"Basi taya nayo. Mzizi wa jino ndio jembe lake. Ukitafuna, mzizi unausukuma mfupa, mfupa unakaa na nguvu. Jino likitoka, mwili unaona hapa hakuna kazi, unauondoa kidogo kidogo, na mwaka wa kwanza ndio unaondoa zaidi. Meno ya kuvaa yanakalia fizi tu. Kile kichuma kinaingia ndani, kinaurudishia kazi yake."

Akaweka picha mbili za taya ya mjukuu wangu kwenye taa: ile ya wakati wa ajali, na ya siku hiyo. Mimi niliishia darasa la pili, lakini sikuhitaji kusomewa. Ya kwanza mfupa ni mnene kama tuta jipya. Ya pili ni tuta lililopigwa na mvua za misimu mingi.

"Kichuma kingewekwa wakati ule?" nikauliza.

"Kingekaa vizuri, Bibi."

Mjukuu wangu anatazama viatu vyake.

Sasa, daktari akasema, ni lazima aende Mwanza. Watakata kipande cha mfupa nyuma ya taya, wakipachike mbele, wangoje miezi. Kikishika ndipo waweke kichuma.

"Kisiposhika?"

"Atarudi kwenye ya kuvaa."

Nje nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekukataza."

"Nilikuwa mtu mzima, Bibi," akasema, akanifunga vizuri kitenge begani. Afadhali angenitukana.

Mwanza alikwenda bila kuniuliza. Nilipata habari kwa simu, ameshapasuliwa, shavu limevimba, anaongea kama mtu aliyeweka kiazi cha moto mdomoni. Huu ni mwezi wa nne. Kila wiki nampigia.

"Kimeshika?"

"Hawajapiga picha, Bibi."

"Watapiga lini?"

"Wakiniita."

Simu ikikatika nabaki nimekaa. Kuomba mvua najua. Kuombea ng'ombe anayeharisha najua. Lakini kuombea mfupa ushike, mfupa ambao nimeuacha mimi mwenyewe uishe, nafungua mdomo na maneno hayaji.