Shauri la Masale ya Nkoaranga

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilifika Arusha na msafara wa wachuuzi enzi za Mjerumani, nikakuta watu wanapelekwa bomani na mashauri yao, na Kiswahili cha kumlainisha Bwana Shauri, yule Mzungu aliyeyasikiliza, hawana. Basi nikajipachika uwakili. Cheti sikuwa nacho. Nilikuwa na kanzu safi na mdomo.

Shauri lililonipa jina lilikuwa la mkulima mmoja wa Nkoaranga na jirani yake, mama mjane. Mpaka wao, kama mipaka yote kule mlimani kwa Wameru, ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Mmeru hathubutu kuing'oa hata umtishie bunduki. Mteja wangu aliing'oa, akameza nusu ya migomba ya mjane. Mimi nikasimama mbele ya Bwana Shauri, nikamweleza kwa adabu zote kwamba yale yalikuwa maua tu, mama kayapanda kwa urembo. Mzungu angejua nini? Na mimi mtu wa pwani, je? Tukashinda. Nililetewa mbuzi mnono, nikamla kwa raha zangu.

Bwana Shauri alinipenda mno, hata baada ya miaka miwili akanifanya akida, niamue mashauri madogo kwa niaba yake. Nikakalia kiti cha mikono, nikakohoa kihakimu. Wiki ya kwanza tu, akaingia nani? Yule mjane. Nilitamani kujificha chini ya meza. Na kwa vile ni mkubwa wangu kwa umri, shikamoo ikanitoka mbele ya baraza zima. Akaitikia marahaba, akaketi.

Nikamuuliza anamshitaki nani, jirani? Akasema hapana, jirani ni mwizi wa kawaida.

"Namshitaki wakili wake," akasema. "Aliyesema masale ni maua. Wewe akida umtafute, umhukumu."

Baraza likaangua kicheko, askari naye akiwemo. Loo, nilipatikana! Nikisema simjui, kila mtu ananijua. Nikilifukuza shauri, mlima mzima utajua akida wao ni wa namna gani. Nikajitia uungwana: nikahukumu ardhi irudi kwa mama, na wakili apande masale kwa mikono yake mwenyewe. Nilijiona mjanja kweli. Jembe la siku moja, kisha jina langu liwe safi.

Kesho yake nikavipanda vile vijia vya Nkoaranga, kanzu nimeifunga kiunoni. Mteja wangu wa zamani alijifungia ndani. Nilichimba na kupanda miche ya masale tangu asubuhi, mchana ukanikuta na malengelenge, mama kakaa juu ya gogo ananitazama. Ili kupunguza aibu nikamwambia anisamehe, sisi watu wa pwani masale hatuyajui.

"Siku ile hukujua?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sikujua. Mdomo huu umesema makubwa kuliko hayo. Lakini mteja alikuwa ameniambia wazi kabla ya shauri, na tulicheka pamoja. Sijui ni uchovu au ni nini, nikasema nilijua.

Hakunitukana. "Masale yaliyopandwa na mwongo si mpaka," akasema. Alinyanyuka, akachukua jembe mkononi mwangu, akarudi mwanzo wa mstari, akaanza kung'oa miche niliyoipanda, mmoja mmoja, na kuipanda upya mwenyewe.